Ufundi Unaotangulia Kisu

Wengi humsifu daktari wa upasuaji wa urembo kwa wepesi wa mikono yake. Mimi namsifu kwa ukweli wa maneno yake. Kazi yake ngumu kuliko zote huifanya akiwa ameketi na mgonjwa, kisu hakijashikwa: kumweleza kwamba pande mbili za uso wake hazijawahi kulingana, wala hazitalingana.

Hakuna uso wa binadamu uliolingana sawasawa. Nyusi moja hukaa juu kidogo, tundu moja la pua huwa pana kuliko lenzake, shavu moja hujaa kuliko la pili. Mwenyewe hatambui, kwa kuwa amezoea sura ya kwenye kioo, ambayo kulia na kushoto vimegeuzwa.

Ndiyo maana daktari mjuzi huanza na picha. Desturi hiyo ina mizizi: katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Harold Gillies, aliyetengeneza nyuso za askari wa Uingereza waliojeruhiwa, alishirikiana na Henry Tonks, mchoraji aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji, aliyewachora kabla na baada ya matibabu. Leo daktari hupiga picha ya mbele, za ubavuni na ya kutokea chini ya kidevu, kisha huchora mstari kutoka katikati ya paji hadi kidevuni. Aliyekuja na malalamiko ya pua iliyopinda hujionea kwamba hata kidevu chake kimekwenda upande. Hapo huambiwa waziwazi: pua itanyooshwa kadiri inavyowezekana, lakini taya litabaki lilivyo, uvimbe hautapungua sawia pande zote, na pua yaweza kuchukua mwaka mzima kutulia.

Maneno hayo yakisemwa mapema ni elimu. Yakisemwa baada ya bandeji kutolewa, huonekana visingizio, kwani mtu aliyefanyiwa upasuaji hujikagua kuliko wakati wowote, na tofauti aliyozaliwa nayo hudhani imeletwa na kisu.

Ujasiri mkubwa zaidi ni kukataa. Wapo wanaoteswa na dosari ambayo wengine hawaioni kabisa. Kuwaelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili, na malipo yakapotea, nako ni kutibu.

Ahadi ni deni. Ndugu msomaji, kabla hujatia saini, mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha yako kile ambacho hakitabadilika. Akikuahidi uso uliolingana kabisa, tafuta mwingine.