Wanaopanga Viti Maktabani

NBO Litfest, tamasha la fasihi lililoanza Nairobi mwaka 2022, liliwakutanisha waandishi na wasomaji ndani ya maktaba za umma: McMillan, Kaloleni na Makadara. Sifa huwaendea waliokaa jukwaani, ilhali wanaotudai zaidi ni wafanyakazi wa maktaba. Kabla kiti cha kwanza hakijapangwa, kuna rafu za kusogeza, vumbi la kufutwa kitabu kwa kitabu, kurasa zilizogandana za kuachanishwa polepole zisichanike, na kila jalada kuingizwa kwenye orodha ya kompyuta.

Wapo wanaosema fedha za tamasha zingenunua vitabu. Hoja hiyo ina uzito, maana vitabu vipya vinahitajika kweli. Lakini McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao, na hadi leo nguzo zake na sanamu za simba mlangoni zaweza kumfanya mpita njia adhani hapamhusu. Kitabu kipya hakimfai asiyethubutu kuingia. Tamasha humvusha kizingiti. Kisha mahema yakishang'olewa, mkutubi ndiye anayebaki kumwandikisha, kumwonyesha rafu na kumtafutia kitabu Jumatatu asubuhi.