Aplikasyo za kupima pumuzi: namba bila umri

Bandugu, kuna aplikasyo zinazotembea sasa kutoka telefone moja hadi nyingine hapa Kisangani. Zinasema zinapima pumuzi: unasimamisha telefone mbele ya kifua, ama unagusa kioo kila mara mtu anapovuta hewa, na namba inatokea. Watu wanazipenda juu ni za bure. Mimi sipingi telefone kuhesabu. Ninachopinga ni namba inayotokea bila aplikasyo kuuliza: huyu unayempima ana umri gani?

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika. Mtoto wa miezi mitatu akipumua mara 45, hiyo peke yake si shida. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kukohoa akipumua mara 45, mpeleke santre de sante leo hii. OMS imeweka mipaka tangu zamani, na ndiyo iko katika PCIME ambayo manesi wetu wanafundishwa: chini ya miezi 2, mara 60 kwenda juu ni haraka, miezi 2 hadi 11, mara 50, mwaka 1 hadi miaka 5, mara 40. Basi aplikasyo inayoandika 45 kwa rangi nyekundu, ama kwa rangi ya kijani, bila kujua miezi ya mtoto, inabahatisha tu. Na onyo kwamba si kifaa cha munganga limeandikwa kwa herufi ndogo kabisa, tena kwa Kiingereza.

Tuchukue zile zenye jina. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba Google Fit itapima pumuzi kwa kamera ya mbele, ikianza na telefone za Pixel. Kamera inafuata kifua kinavyopanda na kushuka kidogo kidogo. Ni kazi nzuri, na wenyewe walisema wazi kwamba si ya kutafutia ugonjwa. Lakini inataka mtu atulie mbele ya kamera, mwanga uwe mzuri. Hebu mwambie hayo mtoto wa miezi minane mwenye homa, usiku, Mangobo, umeme umekatika!

RRate ni aina nyingine. Ilitengenezwa na watafiti wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada. Wewe mwenyewe unaangalia kifua, unagusa kioo kila pumuzi, nayo inapima muda kati ya mguso na mguso. Haichukui dakika nzima. Kwangu hii ina ukweli zaidi kuliko ya kamera, juu haifichi kwamba anayepima ni jicho la mtu. Hata hivyo, utafiti uliotoka 2019 ulijaribu vifaa vinne vya kuhesabia, RRate ikiwemo, pamoja na wahudumu wa afya wa jamii (sisi tunawaita ba-reko) katika Uganda, Sudan Kusini, Etiopia na Kambodia. Hakuna hata kimoja kilichopatana vizuri na kipimo cha kulinganishia. Mtoto analia, ananyonya, anageuka. Mchanga kabisa anapumua mbio, anasimama kidogo, anaanza tena. Hiyo telefone haiwezi kuitengeneza.

Sisi wa agronomia tunajua ubaya wa kuzidisha. Ukikosea mmea mmoja kwenye mita moja ya mraba, kwenye hektari umekosea mimea elfu kumi. Pumuzi ni vile vile. Wengi wanahesabu sekunde 15, kisha mara 4. Tuseme mtoto wa miezi 8 anakohoa: ukipata 12, ni 48, anarudi nyumbani. Ukipata 13, ni 52, anapewa amoksilini. Kati ya kurudi nyumbani na dawa kuna pumuzi moja, ile uliyoikosa wakati aligeuza shingo. Ndiyo maana PCIME inadai dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa.

Kuna kingine ambacho namba haisemi. Mtoto anaweza kupumua mara 38, chini ya mpaka, lakini akivuta hewa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Ama hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki. Huyo ni wa kukimbizwa, hata kama aplikasyo imemchekea kwa kijani. Na hapa Tshopo malaria iko kila nyumba: homa yenyewe inaharakisha pumuzi, na mama anaanza na dawa ya malaria aliyonunua sokoni. Malaria inajulikana kwa tesi ya haraka, nimonia inatafutwa kwa kuhesabu na kuangalia kifua. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Kwa sasa, kitu kizuri zaidi ndani ya telefone yako ni ile saa ya kawaida: weka dakika moja, hesabu kwa macho, mtoto akilia anza upya. Na wenzetu wa informatike wanaotaka kutengeneza aplikasyo ya Boyoma, ukurasa wa kwanza uulize miezi ya mtoto na kukataa kuendelea bila jibu. Wa pili uulize kama kifua kinabonyea na kama ananyonya. Iwe kwa Kiswahili na Lingala, na isile mega.