Sufuria la Pembeni

Katika kila shughuli anayoipikia shangazi yangu mjini Tanga, huwa kuna sufuria moja dogo linalokaa pembeni. Masufuria makubwa yamepangwa juu ya mafiga uani, kuni zinawaka, nyama inachemka tangu alfajiri, na wanawake watatu wanne wanapokezana mwiko. Hili dogo lina jiko lake la mkaa, na haligusi mtu ila yeye. Ndani yake hamna ng'ombe, hamna kuku, hamna samli. Ni pilau ya majirani Wahindu wasiokula nyama, ya mzee fulani aliyekatazwa na daktari, na siku hizi ya vijana wawili watatu waliorudi kutoka masomoni wakisema hawali tena chochote kilichotoka kwa mnyama.

"Yale makubwa yanajipika," aliwahi kuniambia. "Hili ndilo linalonipima."

Nilidhani ananitania, mpaka nilipojaribu mwenyewe. Nilikaanga vitunguu vikalainika, nikamimina karoti, njegere, pilipili hoho na maharage mabichi, nikanyunyiza kiungo cha pilau cha paketi, nikatia mchele na maji. Mboga zikatoa maji yao, mchele ukavimba, harufu ikapotelea hewani. Nilimpelekea kwenye bakuli. Alionja kijiko kimoja, akaliweka bakuli chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "huu ni wali uliopitiwa na mboga."

Kosa langu nililielewa baadaye. Niliitoa nyama, nikaiacha nafasi yake wazi. Nyama katika pilau ina kazi zaidi ya kuliwa. Inatoa supu inayoingia ndani ya mchele chembe kwa chembe. Inatoa mafuta yanayobeba harufu ya viungo. Inampa mlaji kitu cha kukutana nacho katikati ya tonge. Tena ina kazi ya nne ambayo wapishi hawaisemi: inasitiri. Vitunguu vikitolewa mapema, viungo vikizidiana, supu ya ng'ombe itafunika yote na wageni wataondoka wakisifu. Ukishaiondoa, kila ulilolifanya kwa haraka linaonekana.

Wapo wanaosema pilau bila nyama ni mtindo wa juzi. Siyo. Pilau yenyewe ililetwa na bahari. Jina lake lina ndugu katika Kiajemi na Kihindi, na sehemu ya viungo vyake bado hupita njia hiyohiyo. Uzile, ile bizari nyembamba ambayo bila yake hakuna pilau, hatulimi huku pwani. Mwingi hutoka India. Karafuu nayo ililetwa Zanzibar karne ya 19, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Iliki na pilipili manga zinashuka kutoka milima ya Usambara, kwenye misitu ya Amani, mwendo wa saa chache tu kutoka jikoni kwa shangazi. Na katika miji hiyohiyo ya pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, kuna nyumba za Wagujarati ambazo kwa vizazi vingi zimepika mchele wa viungo bila nyama kuvuka kizingiti. Wajaini miongoni mwao wanakwenda mbali zaidi: hata kitunguu na thomu hawali, kwa kuwa ni vitu vya kung'olewa ardhini, na mahali pake hutumia mvuje. Ndiyo, mvuje uleule ambao bibi zetu walimfungia mtoto mchanga kumkinga na mashetani. Ukienda Kenya utakuta pilau isiyo na nyama imeshapewa hata jina la utani: pilau njeri.

Basi siku moja nikaenda kukaa kwenye kigoda, nimtazame shangazi akipika sufuria la pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Kilo moja ya mchele, si zaidi.

Alianza usiku wa kuamkia, kwa robo kilo ya dengu. Zile za mviringo, rangi ya maziwa, si choroko ambazo Wakenya huziita ndengu. Alizilowesha, na asubuhi akazichemsha polepole pamoja na kijiti cha mdalasini, iliki tano alizozipasua kwa makali ya kisu, karafuu chache na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Dengu zilipoiva, mimi ningemwaga yale maji. Yeye aliyakinga kwenye bakuli kama mtu anayekinga maji ya mvua ya kwanza. Yalikuwa mazito kidogo, ya rangi ya udongo mwepesi, na ukiyashika kati ya vidole yanateleza. "Hii ndiyo supu," akasema. Dengu huachia kwenye maji sehemu ya wanga na protini yake, na ndiyo sababu maji hayo yana uzito mdomoni ambao maji ya karoti hayawezi kuupata hata uyachemshe kutwa.

Kisha viazi. Aliviosha, akavikata vipande viwiliviwili, akavipangusa kwa kitambaa hadi vikakauka, akavikaanga vikapata ngozi ya kahawia pande zote. Hakutaka viive, alitaka viwe na ganda la kuhimili mvuke wa baadaye bila kuvurugika. Akaviopoa, na mafuta yaleyale yakabaki kwenye sufuria yakisubiri vitunguu.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini halikabidhi sufuria hili kwa mtu. Vitunguu vikubwa sita, vimekatwa vyembamba, vyote kwa unene mmoja, maana chembamba kikiungua na kinene kikibaki kibichi utapata uchungu na utamu wa kijinga katika mwiko mmoja. Akavimimina. Kwa dakika kumi za mwanzo hakuna kilichotokea isipokuwa kelele. Kitunguu sehemu yake kubwa ni maji, na maji yakiwa bado yamo sufuria halipati moto wa kutosha kubadili rangi. Nguvu yote ya mkaa inakwenda kuyageuza mvuke. Mpishi mwenye haraka huchoka hapa. Anaona vimelainika na kung'aa kama kioo, anaamini vimeiva, anatia viungo. Nami hapo ndipo nilipoishia siku ile.

Shangazi aliendelea kugeuza. Sikuwa nikijua kwamba anasikiliza. Ile kelele ya kuchachatika ilipungua, ikawa mnong'ono, na hapo akapunguza mkaa kwa koleo. "Maji yamekwisha," akasema, "sasa ndiyo kitunguu kinaanza." Pembezoni pakageuka rangi ya asali. Harufu ikaacha ukali, ikawa tamu. Kutoka asali hadi rangi ya tende ni dakika nne au tano, na kutoka tende hadi mkaa ni chini ya moja. Muda wote huo mkono wake haukusimama na macho yake hayakunitazama, hata nilipomuuliza swali. Vilipofika rangi ya tende alichota upawa wa maji ya dengu akamwaga. Pakalia shaa! Mvuke ukapanda, na nilipochungulia, ule weusi wote ulikuwa umetoka kwenye vitunguu ukaingia kwenye mchuzi. Rangi ya pilau ya pwani ni hiyo. Haina manjano ndani yake. Ukiona pilau imekuwa ya njano, kuna mtu alikosa subira ya vitunguu akaenda kukopa rangi kwenye kopo la bizari ya manjano.

Viungo alivigawa mafungu mawili. La kwanza ni vizima: mdalasini, iliki, karafuu, na pilipili manga, vikatangulia kwenye mafuta, kwa kuwa harufu yao hukaa ndani ya mafuta kuliko kwenye maji. La pili lilikuwa uzile, vijiko viwili vya chakula, aliokuwa ameukaanga mkavu na kuutwanga palepale kwenye kinu kidogo, pamoja na thomu na tangawizi. Huo aliutia mwisho, ukakaa motoni muda wa kuhesabu hadi ishirini tu, maana uzile uliotwangwa ukiungua hautamwacha mtu ale. Nyanya alitia moja. Jirani yake wa Mombasa, alisema huku akicheka, anatia nne, na wamekubaliana wasizungumzie jambo hilo.

Mchele ulikuwa umechaguliwa, umeoshwa mara tano hadi maji yakatoka safi, na umeloweshwa nusu saa. Ule wanga wa juu ukibaki, chembe zitagandana. Akaumimina kwenye mchuzi unaochemka pamoja na dengu na viazi, akaongeza supu, akachovya kidole: ipite juu ya mchele kwa pingili moja. Akaonja chumvi. Ilikuwa imezidi kidogo kwa ulimi wangu. Akanieleza kwamba mchele bado haujanywa, na ukinywa itapoa.

Likabaki suala la mafuta. Nyama ya shughuli huwa na mafuta yake yanayoyeyuka na kuupaka mchele, nalo sufuria la pembeni halina. Shangazi alikuwa amekuna nazi moja, akakamua mara moja tu, akapata kikombe cha kasimile. Hakukitia mapema. Tui zito likichemka kwa muda mrefu hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule. Alisubiri mpaka supu ikakauka na matundu yakatokea juu ya mchele, ndipo akalimwaga kwa kuzungusha, akageuza mara moja kutoka chini kwenda juu, akafunika.

Halafu akapalia. Akaacha mkaa kidogo chini, mwingi akaupanga juu ya kifuniko. Mara nyingi nimeona watu wakipalia kwa mazoea tu, na mimi mmoja wao, lakini kazi yake ina hesabu. Kifuniko kikiwa baridi, mvuke hugusa bati, unageuka maji, unadondokea mchele na kuulowesha juu wakati chini unaungua. Kikiwa cha moto, mvuke haupati pa kutulia. Unazunguka humo ndani na kuivisha chembe zote sawasawa. Dakika ishirini. Katika dakika hizo ndipo nilipomwona shangazi akiketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanyoosha miguu, akaomba maji ya kunywa.

Alipofunua, alichambua mchele kwa uma kutoka pembeni. Kila chembe ilisimama peke yake, kahawia, ikimeremeta kwa mafuta ya nazi. Viazi havikuvunjika. Dengu ukizitafuna zinajibu kwanza, ndipo zinakuwa laini, kama inavyotakiwa. Harufu ilikuwa ya pilau, neno zima, bila kivumishi. Nilimwuliza kama hasikitiki kwamba watakaokula hawatajua kilichopita humo. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Wakijua, watakula vipi?"

Akapakua kwenye sinia, akaweka kachumbari pembeni na ndimu iliyokatwa, akampa kijana apeleke. Chini ya sufuria ukabaki ukoko, umeshika vizuri, rangi ya vitunguu vyenyewe. Tulipokuwa watoto tuliambiwa anayekula ukoko mvua itanyesha siku ya harusi yake, na tulijua kwamba hayo ni maneno ya wakubwa wanaoutaka wenyewe. Shangazi aliukwangua kwa ncha ya mwiko, ukatoka kipande kimoja kikubwa, akaukata katikati. Nusu akabaki nayo, nusu akanipa.

"Wewe umeshaoa," akasema. "Kula."