Makala ya Uongo Iliyopimia Wachapishaji

Makala ilihusu kemikali ya likeni, ule ukoga mkavu uotao juu ya miamba na magome ya miti, iliyodaiwa kuzuia seli za saratani zisikue. Mwandishi alijiita Ocorrafoo Cobange, wa taasisi ya tiba mjini Asmara. Mtu huyo hayupo, wala taasisi yake. Mwanahabari John Bohannon ndiye aliyebuni vyote viwili. Mwaka 2013 alituma matoleo ya makala hiyo, majina yakibadilishwa, kwa majarida 304 yanayosomwa bure na kumtoza mwandishi ada, kisha akatangaza matokeo katika jarida la Science.

Makosa aliyapanda makusudi. Seli zilizotiwa dawa zilitiwa pia pombe nyingi. Zile za kulinganishia hazikupata hata tone. Kwa hiyo zile zilizotiwa pombe zingedumaa tu, dawa iwepo isiwepo. Maelezo yalidai kwamba dozi ikizidi nguvu huzidi, ilhali mchoro ulionyesha matokeo yaleyale kwa kila dozi. Hata Kiingereza chake alikipitisha kwenye mashine ya tafsiri, kikaenda Kifaransa na kurudi, ili kisomeke kama cha mgeni.

Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa. Maoni ya wahakiki yaliyogusa kasoro za kisayansi yalitoka kwa 36 tu, na 16 kati ya hayo yaliipitisha hivyohivyo!

Jina kubwa halikusaidia: jarida moja la mchapishaji Sage lilituma barua ya kukubali pamoja na ankara ya dola 3,100. Lakini jarida la PLOS ONE, nalo la kumtoza mwandishi ada, lilihoji maadili ya utafiti na kuikataa makala kwa udhaifu wake. Ada, basi, si kipimo. Cha kupima ni kama kuna mtu aliyesoma.

Bohannon naye hakusalimika. Hakuyajaribu majarida ya kununuliwa, kwa hiyo jaribio lake lilikosa kundi la kulinganishia, kasoro inayokaribiana na ile aliyowatega nayo wahariri. Kwamba uchapishaji huria ni mbovu kuliko ule wa zamani, hakuthibitisha.

DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure alikochukua sehemu ya majarida yake, ilikaza masharti mwaka 2014 na kuyataka yaliyokuwemo yaombe upya. Mwaka 2016 yapatayo 3,300 yaliondolewa. Kwa mtafiti anayetafuta jarida, orodha hiyo ni mahali pa kuanzia, si pa kuishia. Jarida la BMJ Open, kwa mfano, huchapisha ripoti za wahakiki pamoja na makala, naye anaweza kuzisoma kabla ya kutuma kazi yake.