Sauti ya Barua ya Forodha

Mtu apitaye Malaba asubuhi na kuuona msururu wa malori yatokayo Mombasa kuelekea Kampala, aghalabu hadhani kwamba safari ya shehena ile hutegemea pia insha. Walakin hutegemea, kwani mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, uliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na wakala wa forodha, ambaye barabarani hubishana na dereva kwa Kiswahili na pengine nyumbani husema Kiteso, hana budi kumwandikia afisa kwa Kiingereza pindi lori linapozuiwa.

Barua hiyo ina sura ambayo makarani wa Malaba na Busia wameizoea: hufunguliwa kwa "the above subject refers", ibara ambayo msomaji wa London huenda akaistaajabia, kisha huja "humbly", huja "your esteemed office", na mwisho huja "facilitate", kitenzi kinachobebeshwa ombi lote.

Tangu Wanormandi walipoishinda Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimekuwa na hazina mbili, moja ya maneno ya wenyeji, mafupi, ya shamba na jiko na mwili, na ya pili ya maneno ya Kifaransa na Kilatini, ya korti na dola. "Humbly" na "esteemed" ni za hazina ya pili, nazo humshusha mwombaji na kumpandisha mwombwa. Hiyo ni adabu, wala sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni "facilitate", madhali hakitaji tendo: afisa akague upya, atie muhuri, au aamuru geti lifunguliwe? Barua haisemi, naye msomaji aliyezungukwa na barua za namna ile aweza kuiweka kando bila ya kukataa lolote.

Ng'ambo ya mpaka alitoka fundi aliyezipima hazina hizi kwa makusudi. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, katika Song of Lawino, kitabu cha shairi kilichochapishwa Nairobi mwaka 1966, alimpa mke asiyekwenda shule Kiingereza cha maneno mepesi ya nyumbani, akazifasiri semi za Kiacholi kama zilivyo na kuyaacha majina ya ngoma, kama orak, bila ya kuyagusa, hata msomaji humsikia bibi huyo akisema kabla ya kuipima hoja yake. Mwandishi Taban lo Liyong hakuridhika na Kiingereza hicho, akatoa tafsiri yake mwenyewe ya shairi hilo kutoka Kiacholi mwaka 2001.

Wakala hana uhuru wa mshairi. Abakize heshima katika sentensi ya kwanza, kisha aitaje namba ya lori, siku ushuru ulipolipwa, na aandike "release"; neno hilo nalo asili yake ni Kifaransa, lakini tendo lake ni bayana. Kwani nasaba ya neno si hoja ya kukata shauri: "kindly" ni neno la wenyeji, la upole kabisa, ilhali likishuka kutoka kwa mkubwa wa ofisi, wakala ajuaye kazi yake hulisoma kuwa ni amri isiyongoja kesho.