Nani Alimpa Mtoto Wimbo Ule?

Mwishoni mwa mwaka 2018 nilialikwa kwenye sherehe ya Kipaimara ya mtoto wa jirani yangu hapa Mwanza. Asubuhi kanisani watoto walijibu maswali ya imani kwa sauti moja, na wazazi walifuta machozi. Jioni, baada ya pilau kuliwa, MC akawaita watoto waje kucheza. Wimbo uliopigwa ni "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Binti mmoja wa miaka kama saba akaingia katikati, akakata kiuno, akaimba kiitikio bila kukosea. Sisi watu wazima tulicheka na kupiga makofi, na baadhi yetu tukainuka kwenda kumtunza. Mimi nilitoa shilingi elfu mbili.

Njiani kurudi nyumbani, mjukuu wangu wa miaka tisa akaniuliza: "Babu, mbona watu wanacheka wakisikia Nyegezi? Si ni kule stendi ya mabasi?" Nikamwambia aangalie njia asijikwae.

Wapendwa, wakati ule Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lilikuwa limeshaufungia wimbo huo tangu Novemba. Sote tulijua. Desemba wasanii hao wakauimba tena jukwaani, nao wakafungiwa kufanya maonyesho, adhabu iliyoondolewa Januari 2019. Lakini simu hazikufungiwa, wala turubai la sherehe yetu ya kanisa. Ndiyo maana sitaki kuanza na serikali wala wasanii. Nataka kuanza na sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki.

Tuseme kweli, wimbo ule umetungwa kwa ustadi. Unachukua jina la mahali ambapo kila mtoto wa hapa anapajua, kisha unazirudiarudia silabi zake za mwanzo mpaka zinakuwa neno la tamaa ya mwili ambalo hatulitamki mbele ya wakwe. Mtu akiulizwa, anaweza kujitetea kwamba ametaja kituo cha mabasi tu. Hapo ndipo penye ubaya kwa watoto. Utani wa namna hii unanoga zaidi ukitamkwa na asiyeujua. Mtu mzima akiuimba, tunatabasamu. Mtoto akiuimba, tunaangua kicheko. Maana yake ni kwamba tunautumia usafi wa mtoto kuukamilisha uchafu wa mzaha wetu.

Wapo wanaosema, "Mtoto haelewi, muache acheze." Ni kweli, yule binti hakuelewa neno. Lakini alielewa kicheko, na aliielewa noti iliyobandikwa kwenye paji la uso wake. Alijifunza kwamba akikitikisa kiuno kwa namna fulani, wanaume wazima wanasogea na kumpa fedha. Somo hilo halikuhitaji tafsiri, na walimu wake walikuwa washarika wenzangu pamoja nami.

Wengine wanasema nyimbo za namna hii zimekuwepo tangu zamani. Hilo nalo ni kweli. Watu wa pwani wana nyimbo za unyago zinazotaja mambo ya chumbani bila kificho. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa taarabu na pia kwa kuwafunda wanawali. Lakini nyimbo zile zilikuwa na mlango. Ziliimbwa kwa waliovunja ungo, mbele ya kungwi, wanaume wakiwa mbali, na baada ya wimbo kulikuwa na mtu wa kueleza. Leo wimbo unamfikia mtoto kwenye daladala, dukani na kwenye simu ya mama yake. Mlango umeondoka, na kungwi ameondoka pia. Umebaki wimbo peke yake.

Biblia yenyewe haiogopi mwili. Wimbo Ulio Bora unausifu uzuri wa mpenzi kuanzia nywele hadi nyayo. Lakini kitabu hichohicho, katika 2:7, 3:5 na 8:4, kinawaapisha binti za Yerusalemu wasiyaamshe mapenzi kabla ya wakati wake. Mapenzi hayakuitwa dhambi pale. Yametunziwa wakati wake. Nasi tusiwafundishe watoto kwamba Mungu anachukia walichoumba mikono yake, maana tutakuwa tumekimbia kosa moja na kuangukia jingine.

Tufanye nini basi? Kamati ya sherehe ikae na mpiga muziki kabla ya siku yenyewe, iseme wazi nyimbo zisizotakiwa. Tusimtunze mtoto kwa kucheza ambacho tungemkataza dada yake mkubwa. Na mtoto akiuliza maana, ajibiwe. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza kunena na watoto tuketipo nyumbani na twendapo njiani. Mimi nilikuwa njiani, nikaulizwa, nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye nilimwita mjukuu wangu. Nikamwambia kwamba ndani ya jina lile kuna neno la watu wazima wanaotamaniana, kwamba kutamaniana kwa mume na mke si kubaya, lakini watu walikuwa wanafanya mzaha na jambo la heshima, na babu alicheka nao, akakosea. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na yule mtoto aliyecheza, umeshamwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Sasa binti yule anasoma sekondari, na anajiandaa kwa Kipaimara chake mwenyewe. Nimeshaombwa kuwa katika kamati ya sherehe.