Mkono wa Bwana Mifugo

Mbwa wa kwanza alifika saa mbili kasorobo, kipande cha mpira wa baiskeli shingoni, akimburuta mtoto wa miaka tisa hivi. Ndiyo, mbwa ndiye aliyekuwa akiburuta. Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa foleni ni ya watoto. Wanakuja na kamba za katani, kanga kuukuu, hata mkanda wa baba, na kila mmoja anaapa kuwa wake hang'ati.

Bwana mifugo alikuwa ameliweka deli lake kivulini chini ya mgunga, na alilifungua kwa uchoyo. Kwa kawaida chanjo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na barafu haingojei mtu. Alitoa kichupa, akavuta dozi ya mililita 1, akaliinua bomba la sindano juu usawa wa macho na kuligonga kwa ukucha. Kiputo kikapanda, akakisukuma nje. Kiputo kikibaki, mbwa anadungwa hewa mahali pa dawa, na kadi itaandikwa kuwa amechanjwa.

Hakumwendea mbwa kwa mbele. Alizunguka ubavuni, bila kumtazama machoni, akawa anaongea na mtoto.

"Anaitwa nani huyu?"

"Simba."

"Simba analala wapi?"

"Nyuma ya jiko, daktari."

Wakati huo kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeshatua begani kwa Simba, kikitulia tu. Nilichelewa kuuelewa ujanja huu. Hofu ya mtoto hushuka kwenye kamba mpaka kwa mbwa; mtoto akipata la kusema, kamba hulegea. Kisha vidole viwili viliibana ngozi ya shingo na kuiinua kama hema dogo, sindano ikaingia chini ya hema hilo, ikilala sambamba na mgongo. Baada ya kuichomoa alipitisha kidole upande wa pili wa mkunjo, akipapasa manyoya. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Unyevu," alisema. Sindano ikipenya ngozi ya upande huu na kutokea upande wa pili, dawa yote huishia kwenye manyoya na mbwa anarudi nyumbani mtupu. Asiyepapasa hatajua kamwe.

Nilihesabu: tangu kiganja kutua hadi kidole kupapasa, hata dakika haikuisha. Simba alikuwa akinusa viatu vya watu.

Upole huo una hesabu nyuma yake. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Ndiyo maana aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kukimbizwa kituo cha afya akachanjwe kabla dalili hazijafika. Lakini kati ya mbwa na mbwa ugonjwa huu hauna mbio sana. Watafiti waliofuatilia maambukizi huko huko Serengeti waliona kuwa mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, humwambukiza mmoja na ushei kidogo tu. Wakichanjwa 70 kati ya kila 100, mnyororo hukatika. Tabu ni kwamba mbwa wa kijijini hufa mapema na watoto wao huzaliwa kila siku, kwa hiyo 70 ya leo inapungua mwezi hadi mwezi. Lazima bwana mifugo arudi mwakani. Mbwa aliyeumizwa leo hatavutika mwakani, wala mtoto aliyeparuriwa hatamleta.

Hata porini hesabu hii inafika. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani.

Kufikia saa sita alikuwa amefunga midomo mitatu tu: kitanzi cha kitambaa juu ya pua, kikavuka chini ya taya, fundo likakaa nyuma ya masikio. Wa nne, dume jekundu la mzee mmoja, aliichomoa shingo kwenye kamba na kutokomea kwenye mahindi. Vijana wakataka kumkimbiza. Bwana mifugo akawakataza, akaandika kitu kwenye daftari.

"Shikamoo mzee. Nitapita jioni."

"Marahaba. Utampata wapi huyo?"

Jua lilipopoa alilifunga deli nyuma ya pikipiki, akaizima mbali na boma na kutembea hatua zilizobaki. Dume jekundu lilikuwa limelala chini ya ghala. Alichuchumaa ubavuni mwake akimuuliza mzee habari za mtama, na mzee alipokuwa bado analalamikia ndege, kidole kilikuwa tayari kikipapasa manyoya. Yalikuwa makavu.